Inspekta wangu amemaliza kulipa kisasi, sasa nimfanye nini?

SteshenariMafiati
Wakuu habari. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Mafiati, Mbeya, na usiku naandika hadithi za mfululizo kwenye simu. Msimu mmoja buku moja, wengine wananikopa mpaka mwisho wa mwezi. Shujaa wangu ni Inspekta Ambakisye. Msimu wa kwanza mdogo wake aligongwa makusudi na lori pale mteremko wa Iwambi, kisa aliona mzigo wa magendo uliotoka Tunduma. Misimu mitatu jamaa kawasaka mmoja mmoja. Wa mwisho nilimmaliza mwezi wa tano, kwenye ukungu wa Kawetere. Sasa watu wanadai msimu wa nne, na kila nikikaa kuandika Ambakisye ananitazama tu. Hana adui. Nikimpa kesi mpya anakuwa kama nimemwazima kwenye hadithi ya mtu mwingine. Nifanyeje?

Bonge la Soweto
Rahisi. Mpe mchumba, halafu mchumba auawe. Moto unawaka upya.

SteshenariMafiati
Kaka, nimeshaua tisa. Na hawa wanawake wanaokufa ili mwanaume apate sababu ya kukunja ngumi, nimechoka kuwazika.

LoriHalilali
Dada, nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka kumi na moja, na nakusoma tangu sura ya kwanza. Kitu kimoja kinanikera. Ambakisye anamwota mdogo wake, anaamka jasho linamtoka, anapiga konyagi, anatoka kwenda kumpiga mtu. Mimi gari la mwenzangu lilifeli breki mbele ya macho yangu, hapo hapo Iwambi. Sijawahi kuota chochote. Ila mpaka leo nikisikia harufu ya breki zilizoungua, hata ya daladala iliyosimama stendi, mkono wangu wa kushoto unatafuta gia. Nimekaa siti ya abiria, mkono unatafuta gia! Mke wangu hucheka, halafu ananyamaza.

Mhehe wa Ipogolo
Umesema umechoka kuwazika. Umewazika wapi? Nimerudia misimu yote mitatu: msiba wa mdogo wake haupo. Sura inaishia kwenye lori, inayofuata Inspekta yuko Tunduma na bastola. Hakushika jembe makaburini, hakukaa matanga, mama yake hata hatumjui.

Huku kwetu Mkwawa aliwachapa Wajerumani Lugalo 1891, nao wakamwinda miaka. Alipojipiga risasi 1898 wakakata kichwa, wakaondoka nacho. Fuvu lilirudi Kalenga 1954. Nilipelekwa kuliona nikiwa darasa la tano, liko kwenye kioo, nikamuuliza mwalimu mbona halijazikwa. Aliniambia nirudi kwenye mstari.

SteshenariMafiati
Leo nimempa mteja kopi za mtu mwingine kwa sababu ya hili jibu lako.

Ni kweli, niliuruka. Kaka yangu tulimzika Tukuyu, mvua ile isiyokata, majamvi yamelowa, kina mama wanaimba mpaka kunakucha. Mimi siku zote tatu nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mchele wa Kyela. Mchele safi kabisa, hauna hata jiwe, nachambua tu ili nisiitwe ndani. Ningeandika msiba wa Ambakisye ningerudi kwenye lile ungo.

Basi msimu wa nne unaanza kwenye kosta ya Tukuyu, kachelewa miaka minne. Mama yake hamuulizi kawapata wangapi. Anamuuliza kama amekula, anamwonyesha pa kulala, na asubuhi anamkabidhi jembe: kaburi limeota majani. Kesi tutaiona huko sura ya tano, ikiwepo.

LoriHalilali, mkono unaotafuta gia nimeuchukua, anao ndani ya hiyo kosta. Wewe msimu huu unasoma bure.

Bonge la Soweto
Kwa hiyo hata mchumba hakuna?