Mnada wa nyumba Jinja: cherehani, randa, vigari au sarafu? Niweke pesa wapi

Kijana_Walukuba
Habari za jioni wakuu. Kuna mnada wa vitu vya nyumbani hapa Jinja, katika moja ya zile nyumba za zamani za Wahindi karibu na Main Street. Mwenye nyumba alifariki, watoto wako Uingereza na hawataki kusafirisha hata kijiko. Leo walituruhusu kuingia kutazama. Nina milioni moja na nusu ambayo si ada ya shule wala kodi ya nyumba. Nataka fungu moja, au mawili nikibahatika, niuze polepole kwa faida.

Yaliyonivutia: cherehani mbili za Singer, moja ya miguu na meza yake, nyingine ya mkono. Sanduku la seremala lenye randa za chuma (nimesoma Stanley na Record), patasi, misumeno na jiriwa. Vigari vya bati vya watoto, Dinky, vingine bado vimo kwenye vikasha vyake. Kopo la biskuti lililojaa sarafu za East Africa. Gramafoni yenye honi la shaba na picha ya mbwa. Na seti ya visu vya mezani vyenye mipini myeupe, dalali anasema ni pembe ya ndovu.

Dalali anaongeza asilimia 10 juu ya bei ya mwisho, pesa taslimu, na mzigo uwe umetoka kabla ya jua kuzama. Nyinyi mngeenda wapi?

Spana_ya_Katwe
Sanduku la seremala. Sioni hata sababu ya kujadili.

Sikiliza ssebo, tofauti ya hivyo vitu si uzee, ni mnunuzi anakaa wapi. Randa nzuri nitaiuza Ndeeba, kwa mafundi wa mbao wa Kampala, asubuhi kabla ya chai, kwa fundi ambaye hajali ilitengenezwa mwaka gani. Anajali kama inakata. Kigari cha Dinky kitamsubiri mtu wa Manchester mpaka uote mvi. Sasa ukikosea bei kwenye randa, unapoteza kidogo. Ukikosea kwenye kigari, umebaki na kigari.

Ila ukague. Geuza randa juu chini, tazama pembeni mwa mdomo, pale chuma cha kukatia kinapotokea. Ni chuma cha kumwaga, ikianguka sakafuni inapasuka hapo, na kuna mafundi wanaoiunga na kupaka rangi juu. Iliyoungwa haina bei. Kutu ya juu juu isikutishe, msasa na mafuta vinaimaliza. Kutu iliyochimba mashimo kwenye makali ya chuma cha kukatia, hiyo achana nayo, ingawa randa za ukubwa wa namba 4 na namba 5 zote zinatumia chuma cha inchi 2, kwa hiyo unaweza kuhamisha chuma kizima kutoka randa moja kwenda nyingine.

Stanley na Record usihangaike sana kuchagua. Record za bluu ni za Sheffield, walianza kutengeneza randa mwaka 1931. Stanley ni ya Marekani, lakini zile zilizoandikwa Made in England nazo zimetoka Sheffield. Mimi kwa mkono wangu napenda Record, mwili wake unaonekana mzito kidogo. Wengine watanibishia, wabishe.

Mama_Amina_Bombo
Mwanangu, huyo Spana ni mtu wa vyuma, usimsikilize peke yake. Cherehani ndiyo mali.

Lakini Singer si Singer tu. Uliangalia bobini? Fungua kibati cha chini ya sindano, kivute pembeni. Ukikuta bobini ya duara ndani ya kikombe chake cha chuma, upande wa kushoto, hiyo ni ya jamii ya namba 15, na una bahati. Zile Butterfly za Kichina zilizojaa kwenye baraza za mafundi zilinakiliwa humo humo, kwa hiyo bobini, kikombe na sindano utavipata soko la Owino kwa bei ya soda. Ukikuta bobini nyembamba ndefu kama msumari, hiyo ni ya zamani zaidi, jamii ya 27 na 28. Inashona vizuri mno, mshono wake hauna mpinzani, ila kikombe chake kikipotea utakitafuta mpaka uchoke. Hiyo nunua kwa bei ya pambo, usinunue kwa bei ya kazi.

Zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma usikimbie, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda. Mtu wa mnada akiona limegoma anashusha bei, wewe unaweka mafuta ya taa matone mawili matatu, unalala, asubuhi linazunguka. Likizunguka huku linagonga ndani, hapo kuna kilichovunjika.

Namba imechongwa kwenye sahani ndogo kulia, chini. Herufi F au Y, au mbili zinazoanza na E, hiyo imetoka Clydebank, Scotland. Herufi moja ni kabla ya katikati ya miaka ya 1930, mbili ni baadaye. Kiwanda kile kilifungwa 1980.

Busia_Mpakani
Singer za zamani si ndizo zenye zebaki nyekundu? Kuna watu huku wanazitafuta kwa mamilioni. Kijana nunua zote mbili usiulize.

Mama_Amina_Bombo
Astaghfirullah. Busia, hiyo hadithi bado inatembea? Mwaka 2009 ilipiga Saudi Arabia nzima, watu wakaziuza Singer kwa bei ya gari, wengine wakiweka simu karibu na sindano eti mtandao ukikatika basi zebaki imo. Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta na vumbi la kitambaa. Nimezifungua mwenyewe maisha yangu yote. Anayekuja kwako na mkoba akitafuta zebaki, anakutafuta wewe.

Sarafu_na_Noti
Nimesubiri mtu ataje kopo la biskuti, hakuna. Basi niseme, na nitakuwa mkweli hata kama ni biashara yangu: makopo mengi ya namna hiyo hayana kitu. Senti 10 zenye tundu katikati zilitengenezwa kwa mamilioni, kila bibi anazo.

Dalali akikuambia "hii ni ya mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu, haipatikani duniani", tabasamu. Ni kweli alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni. Lakini za kwetu, senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina lake, ziligongwa nyingi na zikatumika. Hazihitaji sura yake kwa sababu ya lile tundu. Mgeni atazifurahia, bei yake ni ya chakula cha mchana.

Cha kutafuta ni hiki. Shilingi za East Africa za 1921 mpaka 1946 ni robo fedha halisi, zina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hiyo gramu mbili kasoro ni fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Ile florini ya 1920, iliyotangulia shilingi kwa muda mfupi sana, ni nusu fedha. Senti za kabla ya hapo, za enzi ya rupia, zenye maneno East Africa and Uganda Protectorates, zina wapenzi wake. Na za Uganda huru, ukiona shilingi 5 ya mwaka 1972, usimwonyeshe mtu, iliondolewa upesi na iliyobaki ni adimu kweli.

Na mkono wako uwe mbali na limau na majivu! Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa imekufa. Watu wanaua sarafu kwa usafi.

Faida moja ambayo Spana hataki kuisema: kopo zima linaingia kwenye mfuko wa koti. Jiriwa utaipakia kwenye nini, boda?

Spana_ya_Katwe
Ndiyo, boda. Nimeshapakia injini.

Mkusanyaji_Ntinda
Vigari si bati bwana, ni aloi ya zinki ya kumwaga, na tofauti hiyo ina pesa ndani yake. Dinky za kabla ya Vita Kuu ya Pili, aloi yake ilichanganyikana na madini ya risasi, na kwa miaka chuma kinavimba na kupasuka chenyewe hata kama hakijaguswa. Ukiona nyufa ndogo ndogo mwilini, kiache, hakuna dawa.

Geuza chini usome. Lazima iwe Dinky Toys, Made in England, Meccano Ltd. Kiwanda cha Binns Road, Liverpool kilifungwa Novemba 1979, kwa hiyo vyote ni vya kabla ya hapo. Ukikuta vyenye vioo vya plastiki madirishani na jina Corgi, hao walikuja 1956 na ndio waliowalazimisha Dinky nao waweke vioo. Matchbox ni vile vidogo vya kampuni ya Lesney, vilianza 1953.

Sasa Spana, kuhusu mtu wa Manchester. Unasema kweli nusu. Kigari kilichochezewa, rangi imebanduka, tairi hakuna, hicho hata Manchester hakitakiwi. Lakini kijana amesema vingine vimo kwenye vikasha. Kikasha cha karatasi chenye picha sahihi ya kigari kilichomo na rangi sahihi kinaweza kuwa na thamani sawa na kigari chenyewe. Kijana, ukirudi kutazama, usihesabu vigari, hesabu vikasha, na hakikisha kila kimoja kina mwenyewe ndani, maana watoto huchanganya.

Na tafadhali usimpe fundi apake rangi upya. Kila mara naona vigari vilivyopakwa rangi ya gari mpaka vinang'aa, mwenyewe anajivuna. Moyo unauma.

Bei usiangalie zile watu wanazoomba mtandaoni. Angalia zilizokwisha kuuzwa. Kuna anayeomba pauni 200 kwa miaka mitano, bado anaomba.

Santuri78
Gramafoni: honi linang'aa kama sinia jipya na lina pembe pembe? Kibati cha mbwa kinaonekana cha juzi? Hiyo imetengenezwa India kwa ajili ya watalii, mashine ya ndani imetolewa kwenye gramafoni nyingine iliyokufa. Usiiguse. HMV halisi, kampuni yenye picha ya mbwa, iliyoenea huku kwetu ni ile ya sanduku la kubeba, namba 102, haina honi la nje kabisa.

Ungeniuliza mimi, ningetafuta santuri zilizokuwa chini ya meza. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 na hao hao HMV, na santuri za namna hiyo zilisafiri pwani mpaka bara. Nyumba ya zamani ya Jinja, huwezi kujua. Ukizikuta zibebe zikiwa zimesimama, zikilazwa moja juu ya nyingine zinapasuka.

Wakili_Kira
Nimepita kwa jambo moja tu. Visu vya pembe: hapana. Haijalishi ni vya mwaka gani wala dalali anasema nini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku tangu uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inafika kifungo cha maisha au faini ya bilioni 20. Mwaka 2022 mahakama hapa Kampala ilitoa kifungo cha maisha kwa kesi ya pembe. Huenda ni plastiki tu, mipini mingi ya visu vya Kiingereza ni plastiki ya kuiga. Lakini hutaki kuwa wewe unayeeleza hivyo kituoni.

La pili, mirathi. Muulize dalali, kwa upole, kama wanaouza wana hati za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na yeye kama ana leseni. Usione aibu. Mjukuu akitokea Mbale mwezi ujao akisema cherehani ya bibi iliibwa, risiti yenye jina la dalali na namba ya fungu ndiyo itakayokusemea.

Kijana_Walukuba
Asanteni sana wakubwa. Nimerudi kutazama leo asubuhi na orodha yenu mkononi, dalali akadhani mimi ni mtu wa kodi wa URA.

Majibu: hati za mirathi zipo, nimeziona. Visu vimeondolewa kwenye mnada, nadhani si mimi peke yangu niliyeuliza. Gramafoni ni kama alivyosema Santuri78, honi la pembe pembe, na santuri hakuna hata moja. Vigari: vikasha sita, viwili tu vina gari lake sahihi. Randa moja kati ya nne ina ufa pembeni mwa mdomo. Singer ya miguu inaanza na EC, bobini ya duara, gurudumu limegoma. Ya mkono ni Y, bobini ndefu kama msumari.

Kopo la sarafu sikuruhusiwa kumwaga.

Sarafu_na_Noti
Asiyeruhusu kumwaga anajua kilichomo. Ruka.

Spana_ya_Katwe
Randa tatu nzima na jiriwa bado zinalipa. Ila usizidi laki sita, na ile asilimia 10 iwe imo ndani. Andika namba hiyo kwenye kiganja kabla hawajaanza, maana siku ya mnada mwanaume mwenzako akikutazama tu unaongeza.

Mkusanyaji_Ntinda
Vikasha viwili havitoshi kununua fungu zima. Muombe dalali avitenganishe, akikataa niache mimi nije nikabishane naye.

Kijana_Walukuba
Mrejesho. Sanduku la seremala lilipanda mpaka laki tisa na nusu, likachukuliwa na mzee mmoja aliyekuja na pikapu ya mbao. Nilisimama kwenye laki sita kama nilivyoambiwa, kiganja kimeandikwa. Vigari dalali alikataa kuvitenganisha, vikaenda na mama mmoja anayewanunulia wajukuu, sasa hivi nadhani viko mchangani. Cherehani zote mbili nimepata kwa laki nne na elfu hamsini, na ada juu, kwa sababu ile kubwa iligoma mbele ya watu wote. Usiku nimeweka mafuta ya taa. Inazunguka.

Mtu wa mkahawa ameshaniuliza bei ya miguu ya chuma peke yake, awekee meza. Nimuuzie miguu na kichwa nikibakize, au niiache nzima?

Mama_Amina_Bombo
Nzima! Kichwa bila miguu utamuuzia nani, fundi akishonea magotini? Mtafutie huyo wa mkahawa miguu ya Butterfly iliyokufa, hatajua tofauti.

Na ile ya mkono usimpe mtu. Ijumaa nina safari ya Iganga, nitashuka Jinja. Kikombe cha bobini kimo ndani au hakimo? Nitumie picha.