Tupeane uzoefu: maunteni au resi, kwa mtu wa kuzunguka tu jioni?

MwanaIpuli
Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora, Ipuli. Nataka baiskeli, siyo ya mkaa wala ya abiria. Ni ya kuzunguka jua likipoa, na Jumapili nifike mpaka Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Jamaa wa mtumba anazo mbili, bei zinakaribiana. Moja maunteni, tairi nene zenye meno, shokapu mbele. Nyingine resi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, nyepesi mpaka nimeinua kwa mkono mmoja nikacheka. Moyo unataka resi. Mke wangu anauliza karia iko wapi. Aliyewahi kumiliki mojawapo aseme kilichomkuta. Za kusikia tuziache.

Isevya_Juu
Mkuu, mimi nilifuata moyo. Resi, tairi ya milimita 23. Kwenye lami ya kwenda Nzega nilikuwa mfalme, unakanyaga kidogo inateleza yenyewe, wenye Phoenix nawapungia mkono.

Wiki ya pili shangazi akaniagiza dawa, nimpelekee hukohuko Kwihara. Kuacha lami tu, mchanga. Tairi nyembamba haipiti juu ya mchanga, inazama. La mbele likazama, likajigeuza kushoto, mimi nikaendelea mbele bila baiskeli. Nikakaa pale chini ya mwembe nakung'uta suruali, akapita kijana ana magunia mawili ya mkaa kwenye Phoenix yake, akasema "pole kaka" huku anacheka. Nilisukuma karibu njia yote iliyobaki.

Kesho yake nikajifanya mjanja, nikapunguza upepo ili tairi ipanuke. Zile tairi zinataka upepo mgumu, psi 100 hivi kwenye kipimo cha pampu. Jiwe la kwanza tu, rimu ikagonga chini, tyubu ikatoka na matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka. Sijairudia Kwihara na ile baiskeli.

mama_asali
Hamjambo wadogo zangu. Mimi ni mtu wa maunteni, mwaka wa nne huu, nazungukia mizinga yangu nayo. Mchangani inapita vizuri. Natoa upepo mpaka nikibonyeza tairi kwa dole gumba linaingia kidogo, basi.

Ila msidanganywe na shokapu. Ya kwanza ilikuwa nazo mbele na katikati, nikaona nimepata pikipiki. Kumbe kila nikikanyaga pedali kwa nguvu, baiskeli inadunda, nguvu zangu zinaishia kwenye springi. Na uzito wake! Kwenye lami yale meno yananguruma kama mashine ya kusaga, watu wanageuka kuangalia. Niliiuza nikachukua isiyo na shokapu hata moja, halafu nikaivalisha tairi pana lakini laini katikati. Tangu hapo nimetulia.

Na akina mama, angalieni lile bomba la juu la fremu. Mimi na gauni langu tulianguka mbele ya geti la kanisa watu ndio wanatoka. Sitaeleza zaidi.

Mwanga_Kigoma
Nyie wa Tabora mna raha, kwenu tambarare. Njooni Kigoma. Kutoka Mwanga kushuka mpaka stesheni hukanyagi hata mara moja, unaliona ziwa tu linakujia. Kurudi ndiyo kesi.

Nilikuwa na resi pia. Mbele ilikuwa na gia mbili, ndogo yake ina meno 39. Kilima kile kwa meno 39 ni mpaka usimame kwenye pedali, na mimi nina miaka hamsini. Maunteni niliyonayo sasa ina gia tatu mbele, ndogo kabisa meno 22. Naenda polepole, mwenda kwa miguu tunaongea njia nzima, lakini nafika juu nimekaa kitini.

Na breki, jamani. Siku moja ya mvua nimebana tangu juu, rimu imelowa, raba zimeisha, baiskeli inaenda tu. Niliiingiza kwenye tuta la mchanga wa wajenzi. Kabla hujauliza rangi, uliza breki.

fundi_Ng'ambo
Naona mnaongea vizuri, lakini hakuna aliyesema habari ya vipuri. Mimi nakaa chini ya mti na pampu yangu, hao wote wanaishia kwangu.

Kijana kaja na resi yake, tairi la nyuma limechanika ubavuni. Akasema nimfungie la Phoenix la inchi 28, "mbona yanalingana". Kwa macho yanalingana kweli. Nikamwonyesha ubavuni: lake limeandikwa 622, la Phoenix 635. Hiyo ni kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu, tofauti milimita 13, litavuka. Hakuamini mpaka alipolishika akaliona linacheza kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Alikaa siku tisa akisubiri la kwake kwa basi.

Kisha upepo. Tyubu nyingi za resi zina ile sehemu ya kujazia nyembamba, juu ina kinati kidogo unafungua kwanza ndipo upepo unaingia. Pampu za mtaani haziikamati. Kuna kidude cha shaba cha kufungia pale, nunua viwili, kimoja utakipoteza.

Isevya_Juu
Mimi nimepoteza vitatu.

MwanaIpuli
Aisee. Kwa hiyo resi nisichukue?

Mwanga_Kigoma
Kama kwenu mlango unafungukia lami, na hutaki kuiacha, chukua, utaifurahia. Sasa wewe umetaja Kwihara mwenyewe.

mama_asali
Na karia mdogo wangu. Resi nyingi hazina hata matundu ya kuifungia. Mke wako kauliza swali la maana kuliko sisi wote.

MwanaIpuli
Nimerudi kwa jamaa asubuhi hii. Maunteni ubavuni imeandikwa 50-559. Hiyo nayo ni ipi, fundi? Na anasema shokapu ndiyo inapandisha bei.

fundi_Ng'ambo
Hiyo ni 26 ya kawaida, upana milimita 50. Matairi yake na tyubu ninazo hapa, siku yoyote. Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe, uangalie rimu inapopita kwenye breki kama inayumba. Shika krenki, ule mkono wa pedali, uitikise, ikicheza gololi zimekwisha. Shokapu ibonyeze mara tatu kwa uzito wako. Kama hairudi juu, imekufa, na usimlipie hata mia.

MwanaIpuli
Nimeibonyeza. Imerudi mara moja, mara mbili imebaki chini.

fundi_Ng'ambo
Basi unaijua bei yako.