MJADALA: Visima virefu karibu na bahari Bagamoyo vizuiwe au viachwe?

Mwana Dunda: Wadau habari za mchana. Hapa Bagamoyo kila anayejenga siku hizi anaanza na kisima, hoteli kisima, gesti kisima, mwenye kiwanja kimoja naye kisima. Kisima alichochimba babu yetu tulikuwa tunakunywa maji yake, sasa hivi sabuni haitoi povu na chai ina chumvi. Nasema visima virefu huku ufukweni visimame mpaka ipimwe chini kumebaki nini. Na hawa wa kutoka Dar wapunguze tamaa, wanamwagilia majani asubuhi na jioni.

Mama Mapinga: Wa kutoka Dar ndio sisi? Nimenunua kiwanja kwa hela yangu, bomba hakuna, nikanunua madumu mpaka nikachoka ndio nikachimba. Ulitaka nisioge? Sema visima, watu waache.

Fundi Pampu: Dada poa kwanza. Mimi nafunga pampu ukanda huu wote. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, huko chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya bahari, sasa ukivuta sana mchana na usiku yakashuka mita 1 tu, kwa hesabu ya wataalamu chumvi inaweza kupanda hadi kama mita 40. Ndio maana mtu anaongeza kina kufuata maji anakutana na chumvi yenyewe. Juzi nimetoa pampu nati zote zimeliwa na kutu, hazishikiki.

Mzee wa Kaole: Mbona kisima cha Kaole pale magofuni kipo jirani na bahari na maji yake baridi tangu enzi na enzi? Ile ni baraka ya waliozikwa pale. Dhambi zenu ndizo zinageuza maji.

Mkwezi: Shikamoo mzee wangu. Kile kinatekwa kwa mkono, hakina pampu.

Mzee wa Kaole: Marahaba. Unabishana na baraka? Dini umesoma wapi wewe?

Mkwezi: Baraka sijaikataa mzee, ila pampu ya hoteli ikifungwa pale chumvi itapanda tu.

Mama Mapinga: Ya Dar bado sijajibiwa.

Mwana Dunda: Mtambo wa maji wa Ruvu Chini uko wilaya yetu, bomba linaenda Dar kwenu, tumebaki na visima navyo mmevifuata!

Mama Mapinga: Kwani Bagamoyo mjini hampati maji ya Ruvu? Usidanganye watu. Na choo chenu cha shimo kiko hatua ngapi kutoka hicho kisima cha babu? Nacho kimetoka Dar?

Mwana Dunda: Usinitukanie nyumba ya wazazi wangu!!

Fundi Pampu: Jamani la vyoo ni kweli, mchanga wa huku unapitisha kila kitu, masika maji yakipanda yanagusana na mashimo halafu tunashangaa kipindupindu. Na hizi pevingi uwanja mzima, mvua itazama wapi? Inakimbilia baharini.

Mkwezi: Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya maji ya bonde kabla hujachimba kirefu. Nani hapa anacho?

Mama Mapinga: Ninacho mimi.

Mwana Dunda: Kinakuruhusu uvute kiasi gani kwa siku, na nani anapima? Jibu hilo.

Mama Mapinga: Mita haijafungwa. Waje waifunge hata kesho, ila waanzie hoteli za ufukweni, wasianze na mimi mwenye tanki moja.