Re: Redieta juu baridi chini moto, nimwite fundi?

Wapendwa salaam,

Kaka uliyeuliza, ngoja kwanza usimwite mtu. Kama redieta, lile bati la ukutani linalopasha nyumba kwa maji ya moto, juu ni baridi na chini moto basi ni hewa imejaa huko juu, maji ya moto hayapati pa kupita. Ingekuwa kinyume chake ningesema matope ya kutu yamelala chini na hiyo ni kazi nyingine.

Zima hitingi, yaani mfumo mzima wa kupasha nyumba, subiri redieta ipoe, wengi wanaharakisha wanaungua. Pembeni kule juu kuna skrubu ndogo ya kichwa cha mraba, kifunguo chake kinauzwa maduka ya vifaa. Shika kitambaa, zungusha kushoto nusu tu, utasikia ssssss, ndo hewa hiyo, maji yakianza kutoka mfululizo funga.

Winta yangu ya kwanza hapa Leicester, Uingereza, fundi alikaa dakika nne akaondoka na pauni 60, nikamuuliza umefanyaje akanionyesha, yani usiku ule sikulala kwa furaha, nawaza tu maji yanavyozunguka ndani ya nyumba. Kesho yake nikaenda laibrari kuazima kitabu cha mabomba, baadae darasa la jioni, daftari langu la michoro ninalo mpaka leo. Ni mapenzi yaleyale ya utotoni Tanga, nimechuchumaa kwa babu anabadilisha tambi za jiko la mchina na kila tambi nauliza hii ya nini.

Juzi nimekwenda kwa bibi mmoja wa Kizanzibari, nimemkuta kajitanda kanga mbili juu ya koti, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Redieta tano, ya nne alipoweka kiganja akasikia moto unapanda akasema mwanangu nipe hicho kifunguo na mimi. Ya tano kaitoa hewa yeye.

Ila upande wa gesi msiguse kabisa, sheria ya hapa inataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

*

Dada ahsante sana, yametoka maji meusi kama wino, sasa juu moto! Lakini mshale wa presha kwenye boila, ile mashine inayopasha maji ya redieta, umeshuka mpaka 0.5 na imegoma kuwaka??

*

Usiogope kaka, hewa imetoka ndo maana presha imeshuka. Angalia chini ya boila kuna kipaipu chenye koki, mara nyingi mbili, fungua taratibu mshale ufike kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa baridi, kisha funga zote kabisa. Usipokiona piga picha unitumie, nipo macho.