Mchumba wangu ana usonji, mafumbo yangu hayamfikii. Niongee naye vipi?

Mleta uzi:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, mchumba wangu 34, tuko Tanga. Mwaka jana daktari alimwambia ana usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea maneno, hisia na sauti tofauti na watu wengi. Kwake ilikuwa nafuu, maana tangu utotoni aliitwa mwenye kiburi.

Mimi nimekulia nyumba ambayo jambo halisemwi wazi. Mtu akichukia anavaa kanga yenye maneno yake, wewe usome. Juzi nilikasirika, akaniuliza nina nini, nikamjibu "sina kitu." Akasema sawa, akaendelea kutengeneza redio. Nililia usiku kucha. Asubuhi alishangaa kweli: "Si ulisema huna kitu?"

Na kwenye harusi ya mdogo wangu, muziki ulipofunguliwa aliziba masikio, akatoka, akakaa ndani ya gari mpaka mwisho. Mama anasema ana dharau. Nampenda, sitaki kumwacha. Nisaidieni.

Jibu la 1:
Pole dada. Mimi naona hajali. Mwanamume anayekupenda ataona machozi hata usiposema.

Jibu la 2:
Hapo juu sikubaliani. Mimi mwenyewe nina usonji na nimeoa. Machozi nayaona. Nisichokijua ni kama nisogee au niondoke. Mke wangu akininyamazia, natafuta kosa langu kutwa nzima na silipati. Siku hizi ananiambia, "Nimeumia. Usinishauri, nikumbatie tu." Namkumbatia, na roho yangu inatulia.

Spika za harusini kwangu ni maumivu ya mwili hasa, kama kuchomwa. Kwenda garini ndiko kulikomwezesha abaki hadi mwisho, angeweza kuondoka kabisa. Siku akizidiwa akawa bubu, usimrundikie maswali. Punguza mwanga na sauti, mwache apumue, mtaongea baadaye.

Kuna mtafiti wa Uingereza, Damian Milton, naye ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi tunashindwa kuwasoma ninyi, nanyi mnashindwa kutusoma sisi. Hilo lilinisaidia sana, nilikuwa najiona mbovu peke yangu.

Jibu la 3:
Mwaka wa 9 huu niko kwenye ndoa ya aina hiyo. Mambo mazito tunaandikiana kwa simu hata tukiwa nyumba moja, maana akisoma anapata muda wa kufikiri. "Baadaye" nimeiacha, nataja saa. Wageni wakija namwambia tangu jana yake. Harusini tunakaa mbali na spika, ana viziba masikio, na saa ya kuondoka tumeshapatana.

Kwa mama usiende kueleza usonji wake kabla hujamwuliza mchumba wako. Ni habari yake, aamue nani aijue. Na wewe mdogo wangu, jua usonji haumfutii mtu wajibu. Ukishamweleza waziwazi akaendelea kukuumiza kwa makusudi, hilo si usonji tena.

Mleta uzi:
Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Jana nilimwandikia: "Nikilia, huwa unawaza nini?" Ilimchukua saa nzima, akanijibu ujumbe mrefu ambao sikuwahi kuupata kwake. Anasema huwa anaogopa kunigusa asije akaniongezea. Miaka miwili nimeishi nikidhani hanioni.

Kuhusu mama amekubali aambiwe, ila anataka kusema mwenyewe, mimi nikae pembeni yake. Tunakwenda Jumapili saa 10 jioni, na nimeshamwomba mama azime televisheni.