Kitini cha historia kimenichemsha: eti Pwani hakukuwa na elimu kabla ya wamishenari??

Wadau leo nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe. Mwanangu jana kaja na karatasi ya mtihani, swali linauliza elimu ilianza vipi Pwani, yeye kaandika vyuoni, watoto wakisomeshwa Qurani na kuandika kabla Mzungu hajafika. Kapigwa X nyekundu. Jibu la kitini ni eti wamishenari, Krapf, 1844, basi.

Jamani! Krapf ameshuka Mombasa 1844, na hapa jirani Pate tuna utenzi wa Kiswahili ulioandikwa 1728, na Siyu watu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kuitia nakshi. Hao waandishi walifunzwa na majini?

Mwalimu simlaumu sana, kitini ndicho kimeokota maneno ya maafisa wa kikoloni kama yalivyo. Afisa akiuona msikiti anaandika dini, ushupavu, mambo ya kale, keshamaliza. Haoni chuo kilicho ubavuni, haoni kadhi anayegawa mirathi, haoni shamba la minazi lililowekwa wakfu ndilo linalolipia mafuta ya taa na maji ya birika. Na hao hao, kuanzia 1895, Pwani wameiendesha kwa liwali na mudir, yaani watawala wa Kiislamu wa mji na wilaya, pamoja na kadhi, halafu 1900 wakaweka sheria na makamishna wa kusimamia wakfu zetu!! Sasa kama ni kuswali tu na ushirikina, mlikuwa mnasimamia nini?

Na msije mkanambia nawapamba wazee, hawakuwa malaika. Habib Saleh, yule sharifu mwanachuoni, alipowasomesha watumwa na watoto wao kule Langoni, Lamu, waungwana wengi walinuna, kwao elimu ya dini ilikuwa mali ya nyumba fulani, na kumbuka utumwa wenyewe kisheria umefutwa 1907. Huo ulikuwa ugomvi mkubwa wa nani ni mtu na nani si mtu, umepiganwa ndani ya darsa na kwenye maulidi, lakini soma hicho kitini uone kama utapata hata mstari mmoja, Riyadha, msikiti na chuo chake Habib Saleh, imetajwa kwenye ukurasa wa watalii.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiandika barua kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu, salamu nusu ukurasa ndipo aje kwenye habari ya pesa za samli. Moja ninayo kashani, wino umegeuka rangi ya chai. Siku alipokwenda ofisini kutia sahihi hati ya kiwanja akaandika jina lake vizuri kabisa, karani akaikata, akamshika kidole gumba akakichovya kwenye wino, na kwenye ile hati mpaka leo imeandikwa hajui kusoma.

Jumatatu naenda shuleni na ile barua na ile hati, zote mbili. Aliyepiga X aniambie hapo ni nani asiyejua kusoma.