Uliwahi kuogopa kukosea uamuzi mkubwa, ukamtegemeaje Mungu? Tupeane uzoefu

Mwenye mada: Wakuu salaam. Nimepata kazi mbali sana na nyumbani, mzee wangu anaumwa, ndugu wamegawanyika na mwajiri anataka jibu. Nimeomba mpaka maneno yameniishia. Nikisema niende naona nitajuta, nikisema nibaki naona nitajuta zaidi. Mliopita hapa mlijuaje hii ni sauti ya Mungu na hii ni hofu yangu tu?

Mpita Njia: Naweka kambi hapa, hili hata mimi linanihusu.

Bint Subira: Mimi niliswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, rakaa mbili nikalala nasubiri ndoto. Nikaota nakimbizwa na mbuzi, kesho yake nahangaika kutafuta tafsiri ya mbuzi 😂. Ustadhi akanicheka, akaniambia hebu soma dua yenyewe, unaomba kama jambo lina kheri kwako katika dini yako na maisha yako na mwisho wako ulijaaliwe, na kama ni shari liepushwe nawe, ndoto imetajwa wapi? Ukishaomba unaanza kutembea. Nikaanza, likafungwa katikati, na wala sikuumia kama nilivyokuwa nadhani.

Jiwe la Pembeni: Omba ishara kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyetandika ngozi ya kondoo nje usiku aone kama umande utalowesha ngozi tu. Mimi kila jambo kubwa natandika ngozi yangu.

Sina Haraka: Gideoni alikuwa ameshaambiwa cha kufanya kabla hajatandika ngozi, soma Waamuzi 6 kuanzia juu. Ngozi ilikuwa ya wasiwasi wake.

Jiwe la Pembeni: Kwa hiyo Mungu alikosea kumjibu?

Sina Haraka: Alimvumilia, hakumsifia. Tena baada ya ishara ya kwanza akaomba ya pili kinyume chake, mtu wa ishara hashibi.

Jiwe la Pembeni: Haya mchungaji, sadaka tunapeleka wapi?

Nimechoka Kunyamaza: Mmenikumbusha kitu nilishakifungia kabatini. Nilikuwa na mchumba, mahari imetolewa, tarehe imepangwa, nami nikawa na ule woga wa kawaida wa ndoa. Nikaenda kwa mama mmoja kiongozi wa maombi, nikamwomba anisindikize kwenye sala, hata sikumwambia avunje kitu. Akafunga, akaja akasema Bwana amemwonyesha yule kaka nyuma yake kuna giza, nikiolewa naye nitazikwa mapema. Nani anabisha na maneno kama hayo? Nikarudisha pete, nyumbani wakanuna, yule kaka alikuja akakaa nje getini mpaka usiku akaniuliza kosa lake nini nikakosa cha kumjibu maana kosa lenyewe sikuwa nalijua. Haukupita muda mrefu nasikia anaoa. Anamuoa nani? Mdogo wake yule mama. Tumbo moja. Na mama ndiye aliyeombea ndoa, amesimama mbele na kitambaa kichwani.

Kuhusu mwanaume nilishapoa zamani. Kilichonitesa ni kwamba nikawa siwezi kusali, nikifumba macho nasikia sauti ya yule mama badala ya ya Mungu.

Mpita Njia: Subiri kwanza, MDOGO WAKE??

Bint Subira: Tumbo moja! Na lile giza lilienda wapi?

Jiwe la Pembeni: Giza lilihamia ukumbini 😂😂

Sina Haraka: Msicheke, watu wamepoteza imani kwa mambo haya. Pole dada. Ulirudije kusali?

Nimechoka Kunyamaza: Kwa kulalamika. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu na hakuwafukuza. Siku hizi nikiambiwa "Bwana amesema" namuuliza mbona hajaniambia mimi, namba yangu anayo.

Mkatoliki Mpole: Mwenye mada, Mtakatifu Ignasi wa Loyola alifundisha kwamba moyo ukiwa gizani usibadilishe ulichoamua ulipokuwa umetulia. Kabla hofu haijakushika ulikuwa umeamua nini?

Kibarua: Nenda. Ukiwa na kipato ndo utamtibu mzee.

Mpita Njia: Usiende, kazi inatafutwa, mzazi hatafutwi.

Kibarua: Rusha sarafu basi, hata Mathiya, mtume aliyeziba nafasi ya Yuda, alipatikana kwa kura.

Sina Haraka: Ilikuwa kabla ya Pentekoste, Roho Mtakatifu hajawashukia bado. Soma Matendo 16 badala yake, Paulo alizuiwa Asia, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, ndipo akaona maono ya Makedonia. Yote hayo yuko barabarani, hakukaa chumbani akingoja uhakika.

Jiwe la Pembeni: Si ndo nasema, maono ni ishara!

Sina Haraka: Sijibu.

Mwenye mada: Asanteni. @Mkatoliki Mpole kwa kweli nilikuwa nimeshaamua kubaki, hofu ilianza nilipoona mshahara.

Bint Subira: Na mzee mwenyewe umemuuliza?

Mwenye mada: Hapana. Naogopa atasema nenda.

Bint Subira: Eh! Basi muda wote huu mada ilikuwa ya mzee. Kamuulize leo.

Mpita Njia: Akamuulize ndiyo, ila dada wa mchumba rudi, wale bado wako pamoja au?